Rangi ya Mshenga

Mwezi uliopita niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, na kabla sijamaliza kusoma majina ya wanakamati ukatua ujumbe: "Wapendwa, sare ya familia itakuwa rangi ya mshenga. Vitambaa vinunuliwe mapema." Vijana wakaanza kuulizana ndiyo rangi gani hiyo. Mmoja akasema ni kijivu. Mwingine akatuma picha ya bilinganya. Wa tatu akaandika kwamba amezunguka maduka yote ya vitambaa na kila muuzaji amemcheka. Bibi harusi ni Hidaya, binti wa rafiki yangu Rajabu na mkewe Mwanaidi, na mimi nilikaa na simu mkononi kama mwanafunzi anayejua jibu lakini anaona aibu kunyoosha kidole. Mshenga anayesemwa ni mimi. Rangi hiyo ilikuwa kosa langu, na nililifanya nikiwa na miaka ishirini na minne, mwaka ule niliokaa Lushoto nikiishi kwa begi moja la mgongoni.

Habari za wazazi wangu na nilikozaliwa naziruka, hazina kitu cha kuongeza. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzi, na mradi mmoja wa maji ulinipa kazi ya mwaka mzima ya kutembea milima ya Usambara nikiandika kila chemchemi: iko wapi, inakauka lini, nani anachota. Posho ilikuwa ya kula na kulala tu. Nilipanda kutoka Mombo na sanduku lenye mashati meupe manne, suruali ya kitambaa cha kung'aa, tai, na viatu vyeusi vyenye ncha ambayo ingeweza kutoboa karatasi. Nilijiona nimevaa kisomi. Siku ya kwanza ya kazi niliteleza na kukalia matako mara tano kwenye njia moja ya udongo mwekundu, na mara ya tano nilipitwa na akina mama watatu waliobeba matenga ya kabichi kichwani, miguu pekupeku, wakizungumza Kishambaa kwa sauti ya kawaida kabisa, kama watu walioko sebuleni. Walinisalimu kwa adabu, wakapita, wakafika kwenye kona, halafu mlima mzima ukasikia kicheko. Nilimuuliza Rajabu, aliyekuwa mkalimani wangu, wamesema nini. Akafikiri kidogo. "Wamesema una viatu vizuri."

Rajabu ndiye aliyenipeleka kwa Mama Saumu. Alikuwa fundi wa cherehani pale Soni, kwenye kibaraza cha duka la pembejeo, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni na ulimi ambao haukupimwa na mtu. Siku za gulio mitumba ilimwagwa chini hatua chache kutoka kwenye meza yake, na watu walitoka moja kwa moja kwenye lundo kwenda kwake na kitu walichookota, apunguze hapa, aongeze pale. Kibaraza kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyopata kulala: harufu ya mbolea ya dukani ikichanganyika na ya makaa ya pasi, birika la chai ya tangawizi, viazi vya kuchemsha kwenye sahani ya bati, na mazungumzo ya wateja ambao hawakujali nani anasikiliza. Fulani kaongezeka kiuno baada ya mavuno. Fulani anashona gauni la harusi ya mtu asiyempenda. Mama Saumu alinitazama kuanzia viatu hadi kola, akawauliza waliokaa kwenye benchi, "Huyu nani kafa kwao, mbona kavaa hivi?"

"Ni msomi, Mama Saumu," Rajabu akasema. "Anahesabu chemchemi."

"Zimepotea?" Akanigeukia. "Haya, Bwana Chemchemi, chuchumaa."

Nikasema sijamwelewa. Akarudia. Nikachuchumaa mbele ya benchi zima, na suruali yangu ya kung'aa ikapasuka nyuma kwa mlio ambao mpaka leo nikiusikia mahali huwa najishika. Hakucheka yeye. Walicheka wengine. Yeye alinyoosha mkono kuchukua sindano, akaniambia nguo isiyoweza kuchuchumaa, kupanda ngazi na kuinua mikono juu ni nguo ya kupigia picha, na milimani hakuna mpiga picha. Kila nguo niliyookota kwenye lundo mwaka ule ilipita mtihani huo barabarani, mchana kweupe, mbele ya wauza karoti. Nimefanya mitihani mingi tangu hapo. Hakuna ulionisaidia kama ule.

Kwa kipindi cha miezi mitatu alinivua usomi kipande kwa kipande. Mashati meupe mawili aliyageuza vitambaa vya mfukoni na bitana, mawili akayaacha. Alinichagulia suruali mbili za rangi ya udongo wa kule, akasema, "Matope hayaonekani kwenye matope, utakuwa msafi kila siku bila kufua." Alishona mikunjo miwili chini ili niweze kuishusha nikiingia ofisini na kuipandisha nikivaa gambuti. Tai hakunikataza, ila alinifundisha kuifungia begi kamba yake ikikatika, na kuianikia soksi kati ya miti miwili. Nguo moja mwilini, ya pili begini, ya tatu juani, basi. Zaidi ya hapo, alisema, umeshakuwa punda wa kabati lako. Jioni nililaza suruali chini ya godoro la chumba changu cha kupanga Lushoto, godoro jembamba kiasi kwamba usiku niliweza kuhisi mishono, na asubuhi ilitoka na mstari wa kukatia mkate. Nilianza kupendeza. Nasema hivyo bila haya kwa sababu sijawahi kupendeza tena kiasi kile, na gharama yote haikufikia ya vile viatu vyenye ncha, ambavyo niliviuza kwa mwanakwaya mmoja.

Halafu ikaja habari ya Mwanaidi. Rajabu alikuwa amempenda binti huyo wa Mtae tangu tulipokwenda kuandika chemchemi za huko, na binti naye alikuwa amempenda, jambo ambalo mimi nililigundua wa mwisho kwa kuwa nilikuwa nashughulika na kuangalia mikunjo ya suruali yangu. Baba mdogo wa Rajabu ndiye aliyekuwa apeleke barua ya posa. Jumatatu ya wiki hiyo akateleza kwenye matuta ya viazi, akavunjika mguu. Jumanne ikaja habari mbaya zaidi: mfanyabiashara mmoja wa Lukozi mwenye gari lake la kubebea mboga amepeleka salamu za posa, na baba yake Mwanaidi, Mzee Shembilu, amesema atatoa jibu Ijumaa baada ya swala. Masika yalikuwa yamekata barabara mbele ya Lukozi. Rajabu mwenyewe hawezi kujiposea. Ndugu zake wengine walikuwa Tanga, au walikuwa wazee wasioweza kutembea siku mbili kwenye matope.

"Nenda wewe," akaniambia. Hakuwa na utani usoni, na Rajabu asiye na utani alikuwa mtu nisiyemfahamu. "Nikimkosa huyu, ndugu yangu, sijui."

Mshenga ni mtu mzima. Ni mtu mwenye mke, mwenye mvi mbili tatu, anayejua kunyamaza. Mimi nilikuwa na ndevu kumi na mbili, nilizihesabu. Tukaenda kwa Mama Saumu kama watu wanaompeleka mgonjwa. Akasikiliza huku anakanyaga cherehani, akasema kwamba umri wa mwanaume uko kwenye koti, na koti lenyewe liko kwenye lundo pale, tukaangalie. Tulilipata. Lilikuwa la sufu nzito, limekatwa vizuri, mabega yake yakiwa ya mtu anayeheshimiwa mahali fulani duniani, na lilikuwa bado halijanunuliwa kwa sababu moja tu: lilikuwa la manjano. Manjano ya ndizi mbivu. "Tutalitia weusi," Mama Saumu akasema, akaingia dukani kutafuta pakiti ya rangi. Kwanza alishona mfuko wa siri wa kuwekwa ndani, upande wa moyo, kwa kitambaa cheupe kutoka kwenye shati langu la kisomi, ili barua ikae humo imefungwa kwenye nailoni. Kisha akalitumbukiza koti kwenye sufuria, akatia chumvi na siki, akalikoroga kama anapika ugali wa msiba. Lilipotoka lilikuwa jeusi na zito na la kizee. Akalikamua, akanikabidhi likiwa kwenye ndoo, na ule mfuko mweupe kando, niushikize mwenyewe nikishalisuuza.

"Sikiliza, Bwana Chemchemi. Ukifika kwako unalisuuza mara tatu. Mpaka maji yatoke meupe. Mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Siyo mbili."

Nikalisuuza mara moja. Maji ya bomba Lushoto mwezi ule yalikuwa baridi ya kukata vidole, na niliona koti limeshapendeza. Ndivyo nilivyo. Hata leo nikimaliza kuandika insha huwa naiona imependeza kabla haijasuuzwa, na wahariri wangu wanajua.

Nikaondoka Jumatano, kwa gari mpaka Lukozi, kisha kwa miguu. Begi mgongoni lilikuwa na shati jeupe, suruali ya pili, mswaki, na kilo moja ya sukari ya kuingilia nayo. Koti nililivaa. Njiani nililala kwa mkulima aliyenipa makande na mboga chungu ya mshunga, na mkewe akanisalimu "shikamoo" gizani kwa sababu ya mabega ya lile koti. Sitasahau raha ile. Nilijibu "marahaba" kwa sauti nzito niliyoitoa tumboni, halafu mwanga wa kibatari ukanifikia usoni na yule mama akaguna. Alhamisi mvua haikukatika. Nilipotokea Mtae jioni, kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima na ukungu umejaa pande zote mbili kiasi kwamba nyumba zilionekana kama zimewekwa juu ya pamba, nilikuwa mwekundu mpaka kiunoni na mweusi kutoka hapo kwenda juu. Mama yake Mwanaidi alinipokea mlangoni. Nilimsalimu kwa Kishambaa nilichofundishwa, "Onga mshii," nikijitahidi kusimama kama mtu wa miaka arobaini.

"Mwanangu!" akasema, na miaka kumi na sita ikaanguka hapo hapo kizingitini. "Umelowa hivi! Vua hilo koti. Vua na suruali. Mwanaidi, leta msuli wa baba yako."

Mshenga hatoi neno lake akiwa amelowa, wala usiku, wala kabla hajala. Nilioga maji ya moto, nikafungwa msuli, nikala wali na maharage karibu na jiko huku nikitazama mvuke ukitoka kwenye nywele zangu. Barua niliitoa mfukoni, nikailalia. Koti likachukuliwa. Nilimsikia mama akizungumza na Mwanaidi upande wa pili wa ukuta, na kwa Kishambaa changu kidogo nilifahamu kwamba anamkataza kuchanganya nguo za mgeni na za watoto. Nguo za mgeni, alisema, zinalowekwa na za mwenye nyumba. Ni heshima. Nilijifunika blanketi nikiwa nimefurahi kwamba nimepewa heshima hiyo, na sikufikiria kabisa kwamba nguo ya mwenye nyumba iliyokuwa ikisubiri kufuliwa usiku wa kuamkia Ijumaa ni nguo gani.

Niliamshwa na minong'ono. Kulikuwa na watu uani, wote wanatazama chini. Nilitoka na msuli wangu. Mama yake Mwanaidi alikuwa ameinama juu ya beseni, na mikononi mwake, ikichuruzika, ilikuwepo kanzu ya Ijumaa ya Mzee Shembilu. Haikuwa nyeupe. Haikuwa nyeusi pia, ningeelewa kama ingekuwa nyeusi. Ilikuwa rangi ambayo sijawahi kuiona dukani: zambarau iliyotiwa moshi, rangi ya wingu la Mtae kabla halijaamua kunyesha, na imekolea sawasawa kila mahali kama iliyofanywa kwa makusudi. Jikoni mtu alikuwa anajizuia kucheka na anashindwa. Nilijua ni Mwanaidi, kwa sababu Rajabu alikuwa amenielezea kicheko kile njia nzima ya milima miwili.

Mzee Shembilu akatoka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mkulima wa kabichi ambaye matuta yake yalinyooka kama mistari ya daftari.

"Kanzu yangu?"

"Ndiyo hii," mkewe akasema.

"Imefanya nini?"

"Imelala na koti la mgeni."

Akanitazama. Barua ya Rajabu nilikuwa nimeishika chini ya msuli, na niliona waziwazi gari la mboga la Lukozi likipita juu yake. Nikamwambia ukweli wote, kuanzia ndizi mbivu mpaka pakiti ya rangi. Nikamwambia fundi aliniagiza nisuuze mara tatu nami nikasuuza mara moja kwa sababu ya baridi. Nikamwomba radhi. Nilisahau kutumia sauti ya tumboni.

"Mara moja," Mzee akasema.

"Mara moja, mzee."

Akaishika kanzu, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza upande wa pili. Nyingine alikuwa amempa mwanawe aliyekuwa shule Tanga. Kuvaa shati swala ya Ijumaa lilikuwa jambo ambalo sura yake haikuruhusu hata kulitaja. "Ikaushwe jikoni," akasema, akarudi ndani.

Tulikwenda msikitini, yeye mbele na kanzu ile, mimi nyuma na shati langu jeupe na suruali ya pili, nikitamani ardhi ya Mtae ambayo huporomoka kila masika iporomoke mara moja tena. Tuliingia swala ikianza. Baada ya swala nilikuwa navaa gambuti zangu mlangoni niliposikia mzee mmoja akiita, "Shembilu! Hebu simama. Hii umeitoa wapi?" Nikafumba macho. "Zanzibar hii?" akasema wa pili, akishika mkono wa kanzu kati ya vidole viwili. "Haishiki uchafu hii," akasema wa tatu, "tazama, katembea nayo kwenye tope na haionekani." Walimzunguka. Yule mfanyabiashara wa Lukozi, aliyekuja kusikiliza jibu lake, alisimama pembeni na kanzu mpya nyeupe yenye tope la Mtae kwenye pindo zima, na hakuna aliyemtazama. Mzee Shembilu alijinyoosha taratibu. Niliona shingo yake ikirefuka.

"Imekuja na mgeni wangu," akasema. "Ziko chache."

Nyumbani alinikalisha mkekani, akapokea barua, akaisoma mara mbili. Akauliza ukoo wa Rajabu, kazi yake, mashamba ya baba yake, nikajibu. Akauliza kwa nini wameleta kijana, nikajibu habari ya mguu na matuta. Akauliza nina miaka mingapi. Nikasema ishirini na minne. "Jana uliingia na arobaini," akasema, na kwa mara ya kwanza masharubu yake yakatikisika. Kisha akamtuma mkewe akamuulize binti. Tulisikiliza mvua. Nilitazama ukuta, nikaona msumari ambao koti langu lilikuwa limetundikwa, bado linadondosha, na chini yake dimbwi dogo la zambarau. Mama alirudi, akakaa, akajifunga vizuri khanga yake.

"Anasemaje?"

"Hakujibu. Amesema tu baba aambiwe kanzu imempendeza."

Mzee Shembilu aliikunja barua ikawa ndogo, akaitia kwenye mfuko wa kanzu ile ile. "Basi amejibu," akasema. "Waambie waje."

Nilishuka Lukozi nikikimbia, begi likigonga mgongo, na Rajabu aliyekuwa ananisubiri kituoni tangu asubuhi aliniona kwa mbali na kujua, kwa sababu mtu aliyekataliwa, alisema baadaye, hakimbii na koti zito vile. Alinibeba. Mama Saumu nilipomsimulia hakusema "nilikwambia." Aliweka kichwa juu ya cherehani akacheka mpaka futi ikamdondoka shingoni, halafu wiki iliyofuata akabandika tena sufuria motoni, wanaume wanne wa Mtae walipoleta kanzu zao wakitaka rangi ya mshenga.

Yeye amefariki miaka mingi sasa, na kibaraza kile kinauza vocha. Mimi nimekuwa mtu ambaye huburuta sanduku la magurudumu kwa safari ya siku mbili. Lakini kamati ilikuwa bado inagombana kuhusu rangi. Walipiga picha kanzu yenyewe, ambayo Mzee Shembilu aliivaa kila Ijumaa mpaka ikafifia, na kwenye picha ilikuwa imebaki rangi ya maji ya kunawia. Rajabu akaandika: "Mshenga, tuamulie." Nikaenda kwenye sanduku la chini ya kitanda, nikatoa koti. Halinienei tena, na weusi wake nao umechuja, mabegani manjano yameanza kurudi. Nikafumua mshono upande wa moyo, nikaugeuza nje mfuko wa Mama Saumu, ule wa shati langu la kisomi, ambao ulilowekwa usiku ule kwenye beseni lile lile na haukuona jua tena. Ilikuwepo. Zambarau ya moshi, kama jana. Nikakata kipande cha upana wa kiganja, nikakipiga picha dirishani, nikatuma, na siku hiyo hiyo nikakipeleka kipande chenyewe kwa basi la Lushoto.

Zikapita siku mbili. Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka simu ya Mwanaidi. Nyuma kulikuwa na mvua na watu wanaocheka, na mbele sauti kavu ya mtu aliyepita miaka themanini, akizungumza karibu mno na simu. "Ndiyo yenyewe," akasema Mzee Shembilu. "Nimeishika. Haya, mwambieni akaangalie vitambaa. Na mwambieni safari hii asuuze mara tatu."